Kadi Hairudi Nyuma

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo, iitwayo Jamhuri ya Songambele. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, wala usijisumbue, maana wenyewe wanasema ramani ya zamani imepitwa na wakati, na mpya imeshakamilika ila bado haijachorwa.

Siku moja Kiongozi Mkuu wa nchi hiyo alikuwa akihutubia, akapaliwa na mate katikati ya sentensi. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akasema, "Taifa hili halirudi nyuma." Alikuwa na maana gani, hajui hata yeye. Pengine alitaka kuirudia sentensi akaona aibu. Lakini wasaidizi wake, watu ambao bwana akipiga chafya wao ndio wanaopangusa pua, walilidaka neno lile wakalitungia sheria. Mwezi haujaisha, magari yote ya serikali yalishapelekwa gereji kung'olewa gia ya kurudi nyuma. Tangu hapo gari la mkubwa likiingia kichochoro kisicho na pa kutokea, kinachobomolewa ni kibanda cha mtu. Watu walilalamika wiki moja, kisha wakazoea. Watu wa nchi ile huzoea kila kitu, na mimi kwa hilo nawachukia kidogo, lakini tuyaache.

Sheria ile ndiyo iliyomkuta Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mama wa makamo, msimamizi wa ujenzi wa Daraja la Mto Mkwiro. Mto wenyewe una mamba, na maji yake yanakwenda kwa hasira hata kiangazi. Upande wa huku ni mji wa Bomani, na hospitali imejengwa karibu kabisa na mto. Upande wa pili panaitwa Ng'ambo. Ng'ambo kuna watu, mihogo na mbuzi, hospitali hakuna. Na Ng'ambo ndiko alikoolewa Zawena, mtoto wa pekee wa Sikudhani, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, na daktari alimwambia bila kuzunguka: huyu wa pili ukithubutu kuzalia nyumbani, tutawazika wawili.

Zawena hakuwa na wasiwasi. Kivuko kilikuwapo, jukwaa la chuma linalovutwa kwa waya kutoka ng'ambo hii hadi ile, na kilichukua robo saa tu. Na daraja nalo lilikuwa linakaribia. Lilikuwa limetoka huku na limetoka kule, na katikati palibaki pengo la hatua nane. Sikudhani alihesabu wiki sita kulimaliza, kama wakubwa wangemwacha afanye kazi.

Hawakumwacha.

*

Zamani, wakubwa wa Songambele wakitaka kujua daraja limefika wapi, walikuwa wanapanda gari wanakwenda kuliangalia. Njia hiyo ilionekana ni ya kishamba. Akaletwa mtaalamu mshauri kutoka nchi ambayo haina mito, akafika na sanduku la kadi za rangi na akaondoka na masanduku manne. Alichowaachia ni Ukuta.

Ukuta wa Maendeleo ulikuwa katika ukumbi wa Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana, huko Makao Makuu. Ulipakwa rangi nyeupe na kugawanywa safu tatu. Ya kushoto iliandikwa Litafanyika, ya kati Linafanyika, ya kulia Limefanyika. Kila kazi ya taifa, iwe kisima, shule au kung'oa kisiki, ilikuwa na kadi yake. Kadi ilitoka kushoto ikaenda kulia, na kwa heshima ya kikohozi cha Kiongozi Mkuu, ikawa marufuku kadi yoyote kurudi nyuma. Mtaalamu alikuwa amewaletea pia kikao cha kusimama. Alisema watu wakisimama watasema machache. Basi kila Jumatatu maafisa hamsini walisimama mbele ya Ukuta kutoka saa tatu hadi saa nane mchana wakieleza kwa nini wamechoka, na waliokuwa na miguu mibovu walikuja na magongo.

Kwa Sikudhani, Ukuta ulifika kwa njia ya fomu. Jumatatu alijaza fomu ya kazi iliyofanyika wiki iliyopita. Jumanne alijaza fomu ya kazi itakayofanyika wiki hii. Jumatano alijaza fomu ya tofauti kati ya fomu ya Jumatatu na ile ya Jumanne. Alhamisi, kama karatasi zimeisha, alimwaga zege. Ijumaa aliitwa kwenye simu kueleza kwa nini zege linamwagwa siku moja tu kwa wiki, na maelezo yake yakatiwa kwenye fomu.

"Mama Zawena," Fundi Matitu, seremala wake, alimwambia siku moja akitazama mlima wa makaratasi, "tungelimwaga zege kwa kasi unayoandikia, tungekuwa tumeshavuka mto tunatafuta mwingine."

Sikudhani hakucheka. Alikuwa anaandika.

*

Sasa tuje kwenye siku ya feni.

Kadi za Ukuta zilibandikwa kwa gundi iliyonunuliwa na mtu aliyemjua mtu. Ilikuwa gundi ya kusikitisha. Kulipopoa ilishika, kulipochemka iliachia. Siku ile kulichemka. Maafisa walikwenda kunywa chai, na Bi Chausiku, mhudumu wa chai na usafi, akabaki kudeki. Akawasha feni namba tano akaendelea na kazi yake.

Maafisa waliporudi wakaikuta kadi ya Daraja la Mto Mkwiro imehama kutoka safu ya kati, imenata safu ya kulia kabisa, imekaa upande kidogo. Afisa Mtunza Ukuta, kijana mmoja aliyeitwa Pondamali, mwenye kalamu saba mfukoni na zote za rangi tofauti, aliiangalia kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuliza nani ameihamisha. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hujui, na katika wizara ile kutojua kulikuwa na fomu yake. Pondamali akapiga makofi. Hamsini wakamfuata.

Wiki hiyohiyo maendeleo yakamiminika Bomani. Lori likaja kuchukua saruji, kwa kuwa daraja lililofanyika halihitaji saruji. Mafundi wakapewa barua za shukrani na kuachishwa kazi. Kivuko kikafungwa nyuma ya trekta kikapelekwa kusikojulikana, kwa kuwa penye daraja kivuko ni matusi. Mitumbwi tisa ya wananchi ikachomwa moto, kwa kuwa mtumbwi ni uzushi unaoelea. Mwisho wakaletwa askari wawili wenye bunduki, wakawekwa kulilinda daraja lisije likafanyiwa kazi.

Zawena alikuja upande wa pili wa pengo, mkono kiunoni, akampigia mama yake simu huku wanaonana.

"Mama, mbona wanachoma mitumbwi?"

"Wanasema daraja limeisha."

"Limeishia wapi?"

"Makao Makuu."

Zawena akashika tumbo. "Mimi zimebaki wiki tatu, mama."

"Najua."

"Mama, sitaki kufa."

Sikudhani alikuwa mwanamke mgumu, amezika mume na amesimamia wanaume miaka ishirini. Lakini neno lile lilimkata. Alikata simu, akaenda kufunga mzigo.

*

Alifika Makao Makuu kesho yake mchana. Pondamali alimpokea kwa adabu zote. Vijana wa ofisi zile wana adabu kweli, wanakuumiza huku wamekushika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera sana. Daraja lako limefanyika."

"Halijafanyika. Kuna pengo la hatua nane katikati. Jana nilikuwa pale."

"Umeliona kwa macho?"

"Kwa macho."

"Macho," alisema Pondamali, akatabasamu kama mwalimu wa chekechea. "Macho ya mtu mmoja, mama, na Ukuta wa taifa zima. Wewe ungekuwa mimi ungeamini lipi?"

"Basi panda gari twende ukaone."

"Nikienda kuona, nitakuwa nimetia shaka. Na shaka ni kurudi nyuma kwa moyo."

"Irudishe kadi hatua moja tu, mwanangu. Wiki sita. Nikimaliza mtaisogeza tena."

Pondamali aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Sauti yake ikashuka. "Mama, neno hilo usilitamke humu. Mwaka jana kuna mwenzetu aliirudisha kadi ya kisima, kwa sababu ati kisima hakina maji. Leo hii kadi ya safu ya kulia ni yake yeye. Limefanyika."

Sikudhani akaelewa. Akabadilisha njia.

"Mwanangu wa kumzaa yuko ng'ambo na mimba. Asipofika hospitali atakufa. Kivuko mmekiondoa. Atavukaje?"

"Kwa daraja," alisema Pondamali, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtoto.

"Fungua basi kadi mpya. Ya kuziba pengo."

"Pengo la wapi?"

"La daraja."

"Daraja lililofanyika halina pengo. Likiwa na pengo, si lililofanyika. Hebu tusivunje mantiki kwa sababu ya uchungu wa uzazi."

Hapo Sikudhani alimtazama yule kijana na akahisi chuki safi kabisa, chuki isiyo na hata tone la huruma. Akamwambia taratibu kwamba hana haja ya kadi yake. Atarudi Bomani, yeye na Fundi Matitu watachonga ulalo wa miti, watautandika juu ya pengo, na mtoto wake atavuka kama mababu walivyovuka.

Pondamali hakubishana. Alichomoa kalamu nyekundu, akaandika barua pale pale, akaigonga mihuri mitatu, akampa nakala. Ilisema hivi: Ni marufuku kwa ulalo, ubao, kamba au kifaa chochote kuonekana juu ya daraja lililofanyika. Kikionekana, kiondolewe mara moja na aliyekiweka, bila kusubiri amri nyingine, na bila kujali cheo cha mtu.

"Hii barua itunze vizuri, mama," alimwambia.

"Nitaitunza," alisema Sikudhani, akaikunja akaitia kwenye pindo la khanga.

Ukumbini alimkuta Bi Chausiku na ndoo yake. Mama yule alimtazama, akatazama mlango, akamvuta pembeni.

"Dada, nimekusikia. Usijichoshe. Ni feni."

"Feni gani?"

"Ile pale. Niliiwasha mimi namba tano, kwa sababu ya joto. Kadi yenu ikapeperuka ikaenda kubandika kule. Nilitaka kuirudisha, nikaogopa. Tangu siku hiyo silali. Nisamehe, dada."

Sikudhani akaitazama ile feni, imejaa vumbi, inatikisika kichwa. Akawafikiria maafisa hamsini, mihuri mitatu, bunduki mbili na mitumbwi tisa. Alitaka kumkasirikia Chausiku akashindwa. Katika jengo lile lote, yeye peke yake ndiye aliyeomba radhi.

"Wewe hukukosa," alimwambia. "Uliona joto ukawasha feni. Hilo ndilo jambo pekee la maana lililofanyika humu mwaka huu."

*

Ulalo ulichongwa uani kwa Fundi Matitu. Boriti mbili ndefu za mvule, mbao zikapigiliwa juu yake, na kamba za kushikia pembeni. Mafundi walioachishwa kazi walikuja mmoja mmoja bila kuitwa na bila kujaza fomu, na wakashangaa wenyewe: kazi ya siku tano waliimaliza kwa siku mbili.

Ukabaki uani. Wale askari wawili hawakubanduka darajani. Sikudhani alikwenda kuwabembeleza.

"Mwanangu," alimwambia mmoja, "wewe unaliona hili pengo?"

Askari akalitazama pengo, akatazama maji chini, akaona na mamba amekaa kama ana miadi. "Mama, mimi naliona. Lakini niko kazini."

"Na ukitoka kazini?"

"Nikitoka kazini naliona sana. Mwenyewe mke wangu ni wa Ng'ambo."

"Basi fumba macho nusu saa tu."

"Tumeamriwa kutoondoka hapa hata kwa haja ndogo, mpaka Mheshimiwa aje kuzindua. Akija, tutapiga saluti, na saluti haishushwi mpaka apite. Ndivyo tulivyoandikiwa."

Sikudhani akataka kuondoka, kisha akageuka. "Haishushwi mpaka apite?"

"Haishushwi."

"Na lini anakuja?"

"Wiki ijayo, Jumamosi."

Sikudhani akahesabu vidole. Mkwe wa Zawena, mama wa mumewe, alikuwa amesema mtoto ameshashuka. Jumamosi ilikuwa mbali na hakukuwa na siku nyingine. Usiku na mchana alikuwa akipiga simu ng'ambo kuuliza swali moja, na jibu lilikuwa, "Bado, mama. Namwambia asubiri." Ijumaa jibu likabadilika. Maumivu ya kiuno yalikuwa yameanza.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana, Mheshimiwa Majisifu, aliwasili Bomani na magari kumi na manne. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na alijua kwamba ana sauti nzuri. Alihutubia huku nusu ya mwili wake ikiwa nje ya tundu la paa la gari.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu walikuwa wanauliza, daraja liko wapi? Leo nawajibu. Daraja liko kwenye Ukuta. Na lililo kwenye Ukuta liko kwenye historia. Mimi sikuja hapa kuangalia daraja, maana kuangalia ni kazi ya wasioamini. Nimekuja kulipita. Ng'ambo ya pili tumeandaliwa hema na chakula, nacho kimeshafanyika tangu Jumatano. Tukutane huko."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameambiwa wapige. Utepe ukakatwa. Askari wawili wakapiga saluti, wakakaza shingo. Na gari la Waziri likaingia darajani, kumi na tatu yakilifuata bampa kwa bampa.

Daraja lilikuwa jembamba, gari moja tu, na pembeni kijia cha miguu chenye reli ya chuma. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba milango ya magari haikuweza kufunguka. Dereva wa Waziri alikwenda mpaka penye mwisho wa zege, akafunga breki.

"Endelea," alisema Waziri kutoka juu ya paa.

"Mheshimiwa, mbele hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mbele."

Waziri akatazama. Akayaona maji, akamwona mamba, na mamba akamwona yeye. Ng'ambo ya pengo akamwona na mwanamke mjamzito amekaa kwenye kigoda, amejikunja, bibi mmoja anamshika mabega. Televisheni ya taifa ilikuwa gari la pili, kamera imetoka juu, inarusha moja kwa moja nchi nzima.

"Rudi," alinong'ona Waziri.

"Gia hatuna, Mheshimiwa. Mlizing'oa."

Angeweza kushuka ageuke arudi kwa miguu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka bungeni muswada wa kumfunga miaka saba kiongozi atakayeonekana hadharani akigeuza mgongo kwa maendeleo. Kamera ilikuwa inamwangalia. Jua nalo lilikuwa linapanda.

Akaitwa Pondamali. Alitoka kwenye gari la nne kupitia dirishani, akaja juu ya mabuti ya magari, kalamu saba mfukoni. Alilitazama pengo na, hili lazima nimpe haki yake, hakutetereka. Alitoa kadi, akaandika Kuziba Pengo, akaibandika kwenye kioo cha gari, upande wa kulia kabisa. Kisha wakangoja. Walilitazama pengo dakika kumi nzima. Pengo halikuwa limesoma kadi.

Hapo ndipo Sikudhani alipokuja kwa kile kijia cha pembeni, na nyuma yake Fundi Matitu na mafundi kumi wamebeba ulalo begani. Walipita mbele ya askari waliokaza saluti. Yule mwenye mke wa Ng'ambo alifumba macho kabisa.

"Wewe ni nani?" aliuliza Waziri.

"Msimamizi wa daraja hili, Mheshimiwa. Kabla halijafanyika."

"Na hicho ni nini?"

"Ulalo."

"Una kadi?" Pondamali aliuliza.

"Hauna kadi. Una mbao."

Waziri alijifuta jasho. Akatazama nyuma kwa pembe ya jicho, bila kugeuza kichwa. "Tandikeni," alisema.

"Tutatandika," alisema Sikudhani. "Lakini kwanza avuke mwanangu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki utangulie."

Watu wanaosimulia habari hii wanasema Waziri alitafakari kwa hekima. Uongo. Alikuwa ameishiwa na alikuwa anaungua. Akapunga mkono kwamba haya.

Mafundi walisukuma ulalo juu ya pengo, ng'ambo ya pili vijana wakaudaka, ukakaa. Zawena aliinuka kwenye kigoda. Hatua nane. Hatua ya tatu uchungu ukamkamata akashika kamba, akasimama pale juu ya maji, na hakuna aliyepumua, hata kamera. Sikudhani hakumwita wala hakumhimiza. Alimnyooshea mikono tu. Uchungu ukapita, Zawena akamaliza zile tano, akamwangukia mama yake kifuani, jasho limemlowesha kama katoka mtoni.

"Mama."

"Umefika. Nenda na Matitu. Mimi nakuja, kuna kazi moja imebaki."

Walimkalisha kwenye kiti, wakambeba kwa kile kijia, mkwewe, aliyevuka nyuma yake, akiwafuata mbiombio, mpaka hospitali.

Ndipo Waziri akashuka juu ya boneti, akarekebisha tai, akavuka ulalo uso mbele, anapunga mkono kwa kamera. Pondamali akamfuata, na maafisa kumi na wawili nyuma yake, maana walisikia ng'ambo kuna chakula. Wa mwisho alipokanyaga ardhi ya Ng'ambo, Sikudhani aliwaambia mafundi, "Vuteni."

Ulalo ukavutwa upande wa huku.

"Nyie," aliita Pondamali. "Mnafanya nini?"

Sikudhani akafungua pindo la khanga, akaikunjua ile barua, akaisoma kwa sauti juu ya maji, taratibu, mihuri yote mitatu. Aliposoma pale pa kuondolewa mara moja bila kujali cheo cha mtu, alisoma mara mbili.

"Uliniambia niitunze vizuri," alisema. "Nimeitunza."

Akaondoka kwenda hospitali, anakimbia kama msichana.

*

Walitoa mtoto wa kike, kwa kisu, saa saba mchana. Daktari alitoka akiwa amevua barakoa, akamwambia Sikudhani kwamba mama na mtoto ni wazima, na kwamba wangechelewa nusu saa tu, asingetoka kumwambia hivyo. Sikudhani akakaa sakafuni kwenye korido akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya feni.

Ng'ambo, Waziri alikuta hema limefanyika na chakula kimefanyika, yaani alikuta mbuzi wawili na kichaka. Akapiga simu wizarani. Aliyepokea ni Naibu wake, ambaye kwa sababu ya kusubiri alishakikalia kiti cha uwaziri.

"Leteni kivuko," alisema Waziri.

"Haraka, Mheshimiwa," alisema Naibu. "Ngoja tukifungulie kadi."

Ikaandikwa kadi, Kivuko Kirudishwe, ikabandikwa safu ya Litafanyika. Maafisa wakaenda kunywa chai. Bi Chausiku akabaki na ndoo yake. Siku ile, nasikia, hapakuwa na joto hata kidogo. Lakini Bi Chausiku aliusogelea Ukuta akasoma ile kadi, akaibandua pembe kwa ukucha, akavuta kiti, akakigeuza kichwa cha feni kikaelekea pale hasa, akaiwasha namba tano.

Jibu la wizara lilifika Bomani kesho yake. Kwa kuwa simu ya Waziri ilikuwa imekwisha moto, Sikudhani ndiye aliyemsomea ukingoni mwa pengo. Lilisema: Mheshimiwa, kwa mujibu wa Ukuta, kivuko kimesharudishwa. Hongera. Daraja nalo limefanyika kwa asilimia mia. Tunakushauri usonge mbele.

Mbele ya Waziri kulikuwa na pori.

Magari kumi na manne bado yako juu ya daraja, na kuku wa Bomani wanatagia humo. Kila siku watu wa Ng'ambo wanakuja ukingoni na mihogo yao, wanapiga mluzi, mafundi wanautandika ulalo, wanavuka, na ulalo unavutwa. Wale askari wa saluti hawaoni kitu. Jioni hupiga mluzi mtu mmoja mnene mwenye sauti nzuri, suti imechanika magotini. Sikudhani humsikia akiwa amekaa kwenye zege na mjukuu mapajani. Humtazama kwa adabu, kama alivyofundishwa Makao Makuu, kisha humuuliza kama ana kadi.